Metro, basi, teksi au gari la kukodi: namna ya kuchagua usafiri ukiwa mgeni São Paulo

São Paulo, Brazil, ina wakazi zaidi ya milioni 11 kwa sensa ya mwaka 2022, na hiyo ni manispaa peke yake, kabla hujahesabu miji iliyoungana nayo kama Guarulhos, Osasco na Santo André. Mgeni anayepanga kwenda huko hupewa ushauri unaopingana: mmoja anamwambia asithubutu kupanda chochote isipokuwa teksi, mwingine anamhakikishia kwamba metro inatosha kwa kila jambo. Wote wawili wana sehemu ya ukweli, kwa sababu jibu linategemea mambo mawili ambayo mshauri kwa kawaida hayajui, yaani unalala mtaa gani na unatoka saa ngapi.

Katika ulinganisho huu nimeviweka vyombo vinne kwenye mizani moja. Kwanza ni gharama. Pili ni uhakika wa muda, kwani katika jiji lenye foleni za namna hii umbali kwa kilomita haukwambii kitu. Tatu ni mizigo, nne ni usiku na usalama, na tano ni lugha, maana nje ya hoteli kubwa na uwanja wa ndege ni watu wachache watakaokujibu kwa lugha isiyo Kireno.

Kufika kwenyewe

Kwa anayetoka Afrika Mashariki kuna njia tatu zinazoeleweka. Ethiopian Airlines huunganisha Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe, Kigali na Bujumbura na São Paulo kupitia Addis Ababa. Njia ya Johannesburg hutumiwa na South African Airways na LATAM, na ndiyo yenye mruko mfupi zaidi wa kuvuka Atlantiki. Nayo njia ya Ghuba, kupitia Dubai kwa Emirates au Doha kwa Qatar Airways, inakurudisha kwanza kaskazini kabla ya mruko wa takriban saa 15. Njia ya Ghuba inamfaa zaidi anayeishi Muscat au Dubai kuliko anayetoka Mombasa, isipokuwa nauli iwe imeshuka sana. Yeyote atakayerudi Kenya au Tanzania ahakikishe anayo kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Brazil ni miongoni mwa nchi ambazo wanaotoka huko huulizwa kadi hiyo wanapoingia.

Kuna jambo dogo la kumfurahisha msemaji wa Kiswahili. Tofauti kati ya saa za Afrika Mashariki na za São Paulo ni saa sita kamili, na tangu Brazil iache kusogeza saa mwaka 2019 haibadiliki mwaka mzima. Maana yake ni kwamba saa ya ukutani ya São Paulo ikionyesha 2, nyumbani ni saa mbili. Ikionyesha 7, nyumbani ni saa saba barabara. Unaisoma kama ilivyo na unajua kama ni wakati wa kumpigia mama simu.

Ndege zote hizo hutua Guarulhos, takriban kilomita 25 kaskazini-mashariki ya katikati ya jiji. Congonhas, uwanja ulio katikati ya majengo upande wa kusini, ni wa safari za ndani, na Viracopos uko Campinas, karibu kilomita 100 kutoka São Paulo; anayenunua tiketi ya kuendelea Salvador au Rio asome vizuri jina la uwanja kabla ya kulipa, kwa sababu kuhama kutoka Guarulhos kwenda Congonhas wakati wa foleni ni safari inayoweza kula nusu ya siku.

Metro na treni za mjini

Metro ya São Paulo ilifunguliwa Septemba 1974 na ndiyo ya kwanza nchini Brazil. Njia zake hutajwa kwa namba na rangi: 1 ya Bluu, 2 ya Kijani, 3 Nyekundu, 4 ya Njano ambayo treni zake hazina dereva, 5 ya Zambarau, na 15 ya Fedha ambayo ni treni ya reli moja inayopita juu ya barabara. Treni za mjini, ambazo hutembea juu ya ardhi na kufika mbali zaidi, zimeungana na metro katika stesheni kadhaa, nazo mgeni anaweza kuzichukulia kuwa sehemu ya mtandao uleule.

Kwa gharama, nauli ni moja bila kujali umbali. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilipandishwa kutoka reali 5.00 hadi 5.20, na ukishapita geti unaweza kubadili njia bila kulipa tena. Tiketi ni kipande cha karatasi chenye msimbo wa mraba unaousogeza mbele ya kioo cha geti. Nunua mbili kwa mpigo, ya kwenda na ya kurudi, ukwepe foleni ya jioni.

Kwa uhakika wa muda haina mpinzani. Treni hupita kila baada ya dakika mbili au tatu saa za pilikapilika, na foleni ya barabarani haiihusu. Mvua kubwa za mchana wa kiangazi chao, kuanzia Desemba hadi Machi, huweza kuzichelewesha treni za juu ya ardhi kwa mafuriko, lakini metro yenyewe hutikisika kidogo tu.

Udhaifu wake ni mizigo, na hasa mizigo kwa saa fulani. Fika stesheni ya Sé, zinapokutana njia ya 1 na ya 3, mnamo saa kumi na moja na nusu jioni. Treni inapoingia, milango hufunguliwa pande zote mbili, umati wa upande mmoja unamwagika kabla umati wa upande wa pili haujaingia, na sauti ya kike iliyorekodiwa inatangaza kwa utulivu upande wa kushukia, *desembarque pelo lado direito do trem*, kana kwamba kuna mtu mwenye hiari ya kuchagua. Katika msukumano huo mwenye sanduku la kilo 23 habebi tena sanduku lake, bali sanduku linambeba yeye. Saa nne asubuhi, stesheni hiyohiyo unaweza kuipita huku unakokota sanduku kwa mkono mmoja.

Kutoka Guarulhos kuna stesheni ya Aeroporto, mwanzo wa njia ya 13 iliyofunguliwa mwaka 2018. Kosa lililozungumzwa sana ni kwamba stesheni haikujengwa ndani ya uwanja bali ng'ambo ya barabara kuu, hivyo abiria huunganishwa nayo kwa usafiri wa bure kutoka kwenye majengo ya uwanja. Treni ya kawaida hukufikisha Engenheiro Goulart, ambako unabadili kwenda Brás. Treni ya moja kwa moja, isiyopita mara nyingi, hukufikisha Luz, na kutoka Luz njia ya 4 ya Njano inakupeleka stesheni ya Paulista kwa vituo vitatu tu.

Kuhusu usiku, metro hufunguliwa saa 10:40 alfajiri na hufungwa saa sita usiku; Jumamosi huendelea zaidi ya hapo. Ndani ya stesheni kuna walinzi na kamera, na hatari kubwa ni wachomoaji wa mifukoni. Hatari iko zaidi nje ya lango: mitaa inayozunguka Luz, República na uwanja wa Sé si ya kutembea na sanduku usiku ukitafuta hoteli kwa kutazama simu. Lugha haisumbui, kwani rangi na namba zinatosha.

Basi

Mabasi ya manispaa ndiyo yanayofika kila mahali, kwa njia zaidi ya 1,000, na ndiyo yatakayomfanya msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ajione yuko nyumbani. Basi halisimami kwa sababu umesimama kituoni, unanyoosha mkono. Unapanda mlango wa mbele, na ndani unakutana na catraca, geti la chuma linalozunguka lililo kando ya kiti cha konda. Geti hilo limeachiwa nafasi ya kiuno cha mtu mmoja mwembamba. Mwenye mkoba wa mgongoni huuvua na kuuinua juu ya kichwa. Mwenye sanduku kubwa hubaki upande wa mbele akitazamana na konda, huku walio nyuma yake wakisema *com licença*, yaani nipishe, kwa sauti inayozidi kupoteza adabu. Kwa hiyo kwenye kipengele cha mizigo sina sababu ya kuzunguka: basi la kawaida si chombo cha siku ya kuwasili.

Gharama yake ni ndogo kuliko zote. Mwanzoni mwa 2025 nauli ilitoka reali 4.40, iliyokuwa haijaguswa tangu 2020, hadi reali 5.00. Mwenye kadi ya Bilhete Único, iliyoanzishwa mwaka 2004, anaweza kupanda hadi mabasi manne ndani ya saa tatu kwa nauli moja, na tangu Desemba 2023 mabasi ya manispaa ni bure kabisa siku ya Jumapili. Jambo hili la mwisho wageni wengi hawalijui, nao hulipia teksi siku ambayo jiji zima linasafiri bila kutoa senti.

Uhakika wa muda hutofautiana kwa barabara. Kwenye njia maalumu za katikati ya barabara, kama zile za Rebouças na Santo Amaro, basi hupita huku magari yamesimama pande zote. Ni wazo lililokomaa katika mji mwingine wa Brazil, Curitiba, tangu mwaka 1974, na mwendokasi ya Dar es Salaam iliyoanza 2016 ni ya ukoo huo. Nje ya njia hizo basi hukwama kama wengine wote. Usiku kuna mtandao wa mabasi ya usiku yanayofanya kazi metro ikiwa imelala, na kuanzia saa nne usiku wanawake na wazee wana haki ya kumwomba dereva awashushe mahali pasipo kituo. Lugha ndiyo ngazi ngumu: vituo vingi havitangazwi, na jina lililoandikwa mbele ya basi ni la mtaa wa mwisho ambao mgeni hajawahi kuusikia. Ramani ya simu inasaidia, ila inakulazimu kuishika simu mkononi kando ya dirisha, na hilo nitalirudia hapa chini.

Teksi na magari ya programu

Teksi za São Paulo ni nyeupe na hutumia mita, yenye kiwango cha kawaida na kiwango cha juu cha usiku, Jumapili na sikukuu. Magari ya programu, hasa Uber, iliyoingia São Paulo mwaka 2014, na 99, kampuni ya Kibrazili ambayo DiDi ya China iliinunua mwaka 2018, mara nyingi huwa nafuu zaidi na hukuonyesha bei kabla ya kupanda. Lakini kuna tofauti ambayo bei haiisemi: teksi yenye abiria inaruhusiwa kupita kwenye njia nyingi za mabasi, na gari la programu haliruhusiwi. Saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha, bei ya programu ikiwa imepanda maradufu, teksi iliyodharauliwa mchana ndiyo inayofika.

Kwa gharama, safari ya teksi kutoka Guarulhos hadi Paulista kwa kawaida huzidi reali 100, yaani nauli ya treni karibu mara 20 au zaidi. Ukiwa peke yako hiyo ni anasa, ila mkiwa wanne na masanduku manne hesabu hubadilika sana. Kwa muda, safari hiyohiyo huchukua chini ya saa moja usiku wa manane, na inaweza kupita saa moja na nusu ukitua asubuhi ya siku ya kazi na kujiunga na Marginal Tietê, barabara kuu inayofuata mto, pamoja na nusu ya jiji. Kwa mizigo na kwa usiku, hakuna kinachoshindana na kushushwa mlangoni.

Usalama ndani ya gari una sura mbili. Kuhusu dereva, linganisha namba ya gari na ile iliyo kwenye simu kabla hujafungua mlango. Uwanjani kuna kaunta ya teksi ambako unalipa kabla ya kutoka. Kuhusu mtaa, uporaji wa simu ndio uhalifu unaowakuta wageni zaidi, na hutokea kwa kasi: mtu wa baiskeli anapita karibu na ukingo wa barabara, mkono unanyooka, simu imeondoka. Hutokea pia kupitia dirisha la gari lililosimama kwenye taa. Subiri gari ndani ya duka au hoteli, na ukishapanda funga kioo. Lugha hapa si tatizo, maana anwani tayari imeandikwa.

Nataja pikipiki kwa kupita, kwa kuwa msomaji aliyezoea bodaboda atauliza. Mwaka 2025 manispaa ya São Paulo na kampuni za programu zilifikishana mahakamani kuhusu kubeba abiria kwa pikipiki, kwa hoja ya ajali. Ukitazama namna motoboy, vijana wa kupeleka vifurushi, wanavyopenya katikati ya safu mbili za magari wakipiga honi mfululizo, hutahitaji hukumu ya jaji kuamua kubaki chini.

Gari la kukodi

Gari la kukodi linashinda katika jambo moja tu, na jambo hilo liko nje ya jiji. Gharama yake si kodi ya siku peke yake: kuna mafuta, ambapo magari mengi hukubali petroli au ethanoli ya miwa na mhudumu wa kituo atakuuliza unataka ipi, kuna ada za barabara kuu, na kuna maegesho, ambayo mitaani hulipiwa kwa mfumo wa Zona Azul. Juu ya hayo kuna *rodízio*, utaratibu wa tangu 1997 unaozuia magari kuingia eneo la kati kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya namba ya gari: 1 na 2 Jumatatu, 3 na 4 Jumanne, 5 na 6 Jumatano, 7 na 8 Alhamisi, 9 na 0 Ijumaa, kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Marginal Tietê imo ndani ya mpaka huo, hivyo mgeni aliyechukua gari Guarulhos Jumatatu asubuhi anaweza kupigwa faini kabla hajaliona jiji.

Uhakika wa muda ni uleule wa teksi, ukiondoa ruhusa ya njia za mabasi na dereva anayejua vichochoro. Mizigo inakaa vizuri, ila isionekane kupitia kioo. Usiku, anayejua atakunywa pombe aache funguo hotelini, kwani sheria ya mwaka 2008 haimpi dereva nafasi ya hata glasi moja. Alama za barabarani ni za Kireno na kamera za mwendo ni nyingi.

Kwa hali yako

Anayekuja kwa siku tatu au nne za kutalii achague kitanda kabla ya chombo. Ukilala karibu na stesheni ya njia ya 2 au ya 4, mathalani Paulista, Vila Madalena au Pinheiros, metro itabeba karibu safari zako zote za mchana: jumba la sanaa la MASP lina stesheni yake, Japão-Liberdade inakutoa katikati ya mtaa wa Wajapani, na São Bento iko karibu na soko la jumla la mtaa wa 25 de Março, ambako mfanyabiashara wa Kariakoo atapaelewa bila mkalimani. Bustani ya Ibirapuera haina stesheni langoni. Shuka AACD-Servidor utembee, au panda basi. Ukiwa huko Jumapili, barabara ya Paulista hufungwa kwa magari kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, na hapo miguu na baiskeli hushinda vyombo vyote vinne.

Familia yenye watoto wadogo au mzee ichukue teksi siku ya kuwasili na ya kuondoka bila kujilaumu kwa gharama, kisha itumie metro katikati ya siku. Mwanafunzi au mtu atakayekaa mwezi mzima, pengine katika mitaa isiyo na reli, atafute Bilhete Único wiki ya kwanza na ajifunze basi mbili au tatu za mtaani kwake, akianza Jumapili ambapo kukosea njia hakumgharimu kitu. Aliyekuja kwa mkutano katika maofisi ya Faria Lima au Berrini, akiwa na miadi ya saa tatu asubuhi, aende kwa treni hata kama kampuni inamlipia gari. Arudi kwa gari usiku.

Anayetaka pwani ya Santos ana basi kutoka kituo cha Jabaquara, mwisho wa njia ya 1, na kwa miji mingine mingi kituo kikuu cha Tietê kimeungana na stesheni ya metro. Gari la kukodi limwendee anayetaka fukwe za mbali za kaskazini au mashamba ya bara, na alichukue siku ya kutoka mjini, si siku ya kufika.

Na aliye na saa tisa au kumi kati ya ndege mbili, akitua asubuhi bila sanduku la kukokota, anaweza kuthubutu treni ya moja kwa moja hadi Luz. Stesheni yenyewe, iliyokamilika mwaka 1901, inastahili dakika kumi za kutazamwa, na ng'ambo ya barabara ipo Pinacoteca, makumbusho ya sanaa ambayo haihitaji chombo kingine chochote kuifikia. Atoke Luz walau saa nne kabla ya ndege, na asiwe amefika Jumanne, kwa sababu siku hiyo makumbusho hufungwa.